Baada ya King'ora: Mtu Kujisimamia Kazini Mjini Lubumbashi

Wasikilizaji wa Lubumbashi, kuanzia mitaa ya Kamalondo na Kenya hadi Katuba, Ruashi na Kampemba, wamezoea kusikia maneno mengi kuhusu maendeleo ya mtu binafsi, yaani ile jitihada ya mtu kukuza kwa makusudi akili, ujuzi, tabia na kipato chake. Ushauri huo huwafikia kupitia vitabu, mahubiri, semina na simu za mkononi, na sehemu yake kubwa imetungwa na watu wanaoishi katika miji ambako mshahara huingia tarehe ileile kila mwezi, umeme haukatiki, na fedha inayotumika sokoni ni ya aina moja. Mazungumzo haya yanapita njia nyingine, kwa kuuliza historia ya kazi ya mji huu wenyewe inafundisha nini kuhusu namna mtu anavyoweza kufanya kazi iliyo bora, kupata matunda zaidi kutokana na jasho lake, na kukua kiutu humo humo kazini. Hoja yake ni kwamba kwa muda mrefu kampuni ndiyo iliyomshikia mfanyakazi wa Lubumbashi wakati wake, hesabu zake na ujuzi wake, na kwamba tangu kampuni hiyo ilipodhoofika mambo hayo matatu yamebaki mikononi mwa mtu mwenyewe, ambaye mara nyingi hakufundishwa kuyashika.

Kampuni inayokusudiwa ni Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 ili kuchimba shaba ya nyanda hizi za juu. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyushia shaba likaanza kazi kando ya mto Lubumbashi, mto ambao mwaka 1966 uliupa mji jina lake la sasa. Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi walichukuliwa kwa mikataba mifupi, wakaacha familia zao vijijini, wakaugua na kufa kwa wingi kambini, na wengi wakatoroka. Hasara hiyo iliifanya kampuni, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, ifuate sera ya kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja, kwa kumpa mkataba wa miaka mitatu, nyumba ya kambini, ruhusa ya kuishi na mke na watoto, shule, matibabu, na posho, ambayo hapa maana yake ni mgao wa chakula uliotolewa kila wiki, wenye unga, maharagwe, samaki au nyama, mafuta na chumvi.

Chini ya utaratibu huo, siku ya mfanyakazi ilipangwa na wengine tangu alfajiri hadi jioni. King'ora kilitangaza saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kapita, yaani msimamizi wa kikundi cha wafanyakazi, aliamua nani afanye nini na kwa mpangilio gani. Vyombo vilitoka ghalani na kurudi ghalani. Na chakula cha nyumbani kilipimwa kwa kuangalia idadi ya watoto walioandikwa katika kitabu cha kampuni. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza kwa kina, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga tangu 1910 hadi 1997, jinsi kampuni ilivyojifanya baba wa mfanyakazi na wa watoto wake, na jina la kitabu hicho linawataja wana wa Shaba kuwa ni watoto walioachwa na baba yao. Malezi hayo yalikuwa na faida zilizoonekana, kwa sababu yalizaa mafundi wa mitambo, wauguzi na waashi waliosifiwa mbali; lakini yalikuwa pia na gharama, kwa sababu mtu mzima aliyepangiwa kila kitu hakupata nafasi ya kujifunza kupanga.

Wala utulivu huo haukuwa na amani nyakati zote. Mwezi Desemba 1941, wakati vita vya dunia vilipokuwa vimepandisha bei za bidhaa na kuongeza mzigo wa kazi, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na tarehe 9 ya mwezi huo askari wakawafyatulia risasi wagomaji waliokuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira, wakaua makumi ya watu. Tukio hilo linastahili kukumbukwa kila panapozungumzwa habari ya kuongeza tija, yaani wingi na ubora wa matokeo anayoyapata mtu kwa muda na nguvu anazotumia, kwa sababu linaonyesha kwamba kumtaka mtu azalishe zaidi pasipo kumlipa haki yake ni kumnyonya, hata kama jambo hilo litapewa jina zuri kiasi gani.

Mwaka 1967 mali za kampuni zilichukuliwa na dola, na baada ya muda shirika jipya likajulikana kwa jina la Gécamines. Mwaka 1986 lilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Kisha likaja anguko ambalo kila familia ya mji huu inalijua kwa njia yake. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi Septemba 1990, uporaji na fujo za kisiasa zikafuata, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa katika mkoa, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 30,000. Mishahara ilichelewa kwa miezi na hatimaye kwa miaka, posho ikakoma, na mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja akiwa na malipo ya mkupuo mmoja badala ya haki zote alizokuwa akizidai.

Mwaka huo wa 2003 una funzo lisilopaswa kusomwa kwa dharau. Watu waliokuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara walipokea kwa siku moja kiasi ambacho walikuwa hawajawahi kukishika, na kabla ya jioni madeni ya dukani, karo za shule, dawa na matarajio ya ndugu yalikuwa yamekwisha kupiga hodi. Wako waliofungua maduka, walionunua magari ya abiria na waliokwenda kulima, na sehemu kubwa ya shughuli hizo hazikudumu. Atakayesema kwamba zilikufa kwa uvivu atakuwa amekosa haki na amekosa ukweli, kwa sababu watu hao walikuwa wamefanya kazi ngumu maisha yao yote. Walichokikosa ni mazoea ya kupanga siku isiyo na king'ora, ya kutenganisha fedha ya kazi na fedha ya jikoni, na ya kupima ujuzi wao katika soko lisilo na kapita. Mambo hayo hufundishika, na ndiyo yanayofuata sasa, moja baada ya jingine.

La kwanza ni wakati. Katika mji wenye ukataji wa umeme kwa zamu, ambao wakazi huuita delestaji, ratiba ya saa kwa saa inayopendekezwa na vitabu vya ugenini huvunjika kabla ya adhuhuri, na mtu aliyeitegemea hubaki amekaa mbele ya mashine iliyolala, akihesabu kwamba siku imepotea. Njia inayofaa zaidi ni kuzigawa kazi kwa mahitaji yake kabla ya kuzigawa kwa saa. Karakana ndogo ya kuchomelea vyuma, kama zilivyo nyingi Kenya na Katuba, inaweza kuonyesha jambo hili kwa karibu: fundi mwenye utaratibu huandika kwa chaki ukutani safu mbili, upande mmoja kazi zinazodai umeme, kama kuunga fremu ya lango na kusaga viungo, na upande wa pili kazi zinazodai mikono na miguu tu, kama kupima dirisha nyumbani kwa mteja, kukata nondo kwa msumeno, kukwangua kutu, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kununua vifaa na kudai madeni. Umeme ukiwapo, hakuna anayeruhusiwa kugusa kazi ya safu ya pili; umeme ukikatika, hakuna anayeulizana na mwenzake la kufanya, kwa kuwa ukuta umekwisha kujibu. Umeme ukirudi usiku wa manane, aliyeandaa vipande vyake mchana huviunga kwa muda mfupi, wakati aliyesubiri ndiyo kwanza anaanza kupima.

Utaratibu huo una matawi mawili yanayostahili kutajwa. Tawi moja ni ahadi kwa mteja, kwa sababu neno kesho limeharibu sifa ya mafundi wengi kuliko ubovu wa kazi zao, na anayejua kwamba umeme hautabiriki anapaswa kuahidi siku iliyo mbali kidogo na kuitimiza, badala ya kuahidi siku ya karibu na kumchosha mtu kwa safari za bure. Tawi la pili ni mwaka mzima, ambao katika Haut-Katanga umegawanyika wazi kati ya mvua, zinazoanza karibu na Novemba hadi Aprili, na kiangazi kinachofuata. Fundi wa matofali, anayefyatua tofali kwa udongo wa vichuguu vikubwa vya mkoa huu na kuzichoma, hupata mavuno yake wakati wa ukavu, ilhali mwenye shamba nje ya mji hutumia fedha zake mvua zinapoanza na kuzirudisha baada ya mavuno. Kila mmoja wao ana miezi ya kupokea na miezi ya kusubiri, na kupanga wakati kwao ni kuamua, mapema kabisa, ni kiasi gani cha fedha ya miezi minono kitavushwa hadi miezi ya kusubiri, na ni kazi gani ya pili itakayofanywa wakati kazi ya kwanza imesimama.

Mapumziko nayo yamo katika hesabu ya wakati. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki kwa kazi za viwandani, na sababu yake ni ileile inayomhusu mama anayeamka alfajiri kuwahi sokoni na kurudi giza limeingia: mwili uliochoka hukosea hesabu, huumia kwa chombo na hugombana na mteja. Mtu anayejiajiri hana mtu wa kumwambia aende nyumbani, na kwa hiyo hana budi kujiwekea mwenyewe siku ya mapumziko katika juma na kuilinda kama anavyolinda siku ya mnada.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa ndipo maisha ya Lubumbashi yanapotofautiana sana na mawaidha ya jumla. Bidhaa nyingi huingia mjini kupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia na nchi zilizo kusini yake, bei za jumla hufuata dola ya Kimarekani, na mauzo ya rejareja hufanywa kwa faranga za Kongo. Mwanamke anayeuza unga wa mahindi kwa meka, yaani kile kipimo cha kopo kinachotumika sokoni, anaishi katikati ya fedha hizo mbili. Mfano wa kukadiria unatosha kueleza hatari iliyopo: mfuko umenunuliwa kwa dola 20 siku ambayo dola moja ni faranga 2,500, kwa hiyo umegharimu faranga 50,000, umeuzwa wote, meka kwa meka, ukaleta faranga 55,000, na muuzaji akaona faida ya faranga 5,000, akanunua mboga na kulipa nauli ya mtoto. Anaporudi kwa muuzaji wa jumla, dola imepanda hadi faranga 2,800 na mfuko uleule sasa ni faranga 56,000. Hata kama asingegusa senti moja ya mauzo, angekuwa amepungukiwa na faranga 1,000, na baada ya kutumia ile aliyoidhani faida, amepungukiwa na 6,000. Biashara inakonda huku mwenyewe akiamini kwamba inamlisha.

Dawa ya hali hiyo ni daftari la kawaida la shule, lililopigwa mistari mitano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, deni, na kiwango cha dola cha siku hiyo. Mstari wa tano ndio unaosahauliwa na wengi, ingawa ndio unaomwezesha muuzaji kupandisha bei kwa wakati, au kubadilisha mapema sehemu ya mauzo yake kuwa fedha atakayonunulia bidhaa. Bakuli la unga lililochukuliwa kwenda kupikwa bukari, yaani ugali, nyumbani nalo liandikwe, kwa sababu limetoka, hata kama hakuna aliyelipa. Hatua inayofuata ni ya mwenye kazi kujilipa mshahara, maana yake kujipangia kiasi maalumu cha kila wiki ambacho ndicho pekee kinachoruhusiwa kuvuka kutoka mfuko wa biashara kwenda mfuko wa nyumba. Ndugu akija na haja, jibu hutafutwa katika mfuko wa nyumba, na mtaji hubaki salama. Familia huweza kuuona utaratibu huo kuwa ni ukavu wa moyo hadi siku ugonjwa unapobisha hodi na kukuta akiba ipo.

Sheria yenyewe inautambua umuhimu wa daftari. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na sheria hizo, kama zilivyorekebishwa mwaka 2010, zimeweka hadhi maalumu kwa mjasiriamali mdogo anayetangaza shughuli yake bila kupitia masharti yote ya mfanyabiashara mkubwa. Miongoni mwa wajibu wake ni kuandika siku kwa siku, kwa kufuata mpangilio wa tarehe, fedha zake zimetoka wapi na zimetumika wapi. Mchuuzi anayeshika daftari lake kwa uaminifu anakuwa amekwisha kutimiza sehemu ya sheria na pia ameandaa ushahidi ambao taasisi ya mikopo inaweza kuuamini.

Jambo la tatu ni ujuzi, na kwa hili mji unao mfano wake wa fahari. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mjini hapa karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar, akawapokea vijana waliokuwa hawajapita katika shule yoyote ya sanaa, na badala ya kuwapa picha za Ulaya wazinakili, akawaachia wachore kila siku wanachokijua, kila mmoja kwa mkono wake. Kutokana na mazoezi hayo ya kila siku Pilipili Mulongoy alifikia ile namna yake ya kuchora ndege, samaki na wanyama kwa uangalifu wa unyoya na magamba. Mwenze Kibwanga akajenga miili ya watu kwa mistari mifupi inayopangwa bega kwa bega. Na Bela akaacha brashi, akachora kwa ncha za vidole. Majina hayo yanaheshimiwa hadi leo katika historia ya sanaa ya Afrika, na watatu hao hawakufanana.

Mafundisho ya Hangar yanaihusu kila karakana ya ushonaji, useremala na ufundi wa magari mjini. Ujuzi hukua pale kazi inaporudiwa kila siku mbele ya macho ya mtu anayejua, ambaye husahihisha bila kumvunja mwanafunzi na hatimaye humwacha apate njia yake. Katika karakana nyingi kijana hukaa mwaka mzima akishika spana na kufagia, bila kujua amefika wapi na bado nini, na mwalimu wake huficha sehemu ya siri ya kazi kwa hofu ya kuzaa mshindani. Hofu hiyo inaeleweka, lakini humgharimu mwenye karakana, kwa kuwa msaidizi asiyejua humlazimisha bwana wake afanye kila kitu mwenyewe. Orodha fupi ya mambo ambayo mwanafunzi lazima ayaweze, yenye alama mbele ya kila aliloliweza, na saa moja ya Jumamosi ya kuitazama pamoja kazi iliyokosewa na kueleza ilikosewa wapi, huongeza ubora wa karakana kuliko kununua mashine mpya. Mwenye kazi ya ofisi naye anahusika, kwa kuwa cheti alichokipata chuoni hueleza alichokijua wakati ule tu, na mtu anayejipangia kujifunza jambo moja jipya kila robo ya mwaka, liwe programu ya hesabu, uandishi wa ripoti au lugha, huwa tayari kazi inapobadilika.

Wakati, hesabu na ujuzi, hata vikishikwa na mtu mmoja kwa nguvu zake zote, havidumu pasipo wenzake, na huenda hili ndilo ambalo Katanga inaweza kuwafundisha wengine. Katika miaka ya 1950 wafanyakazi wa migodi, wakiwa na wake zao, walianza kukusanyika Kolwezi na baadaye katika miji mingine wakiwa na padri Mfransisko Placide Tempels, katika chama cha kiroho kilichoitwa Jamaa, wakitafakari pamoja mawazo makuu matatu ya uzima, uzazi na mapendo. Watu waliokuwa wakihesabiwa kazini kwa namba za kadi walitambuana pale kuwa baba na mama, wenye fikra zinazostahili kusikilizwa, na mume alilazimika kuitembea safari hiyo pamoja na mkewe. Yeyote anayeandika leo kuhusu maendeleo ya mtu binafsi kana kwamba mtu hukua akiwa peke yake chumbani amepitwa na mafundisho hayo, ambayo yaliweka ukuaji wa mtu katika kukutana kwake na wenzake.

Kwa upande wa fedha, desturi ya kushikana mikono ipo na inajulikana kwa jina la likelemba, ambayo Watanzania huiita upatu na Wakenya huiweka katika vyama vyao: watu wanaoaminiana huchanga kiasi kilekile kila wiki au kila mwezi, na kila zamu mmoja wao huchukua mchango wote. Nguvu ya likelemba ni kwamba humpa mtu fedha ya mkupuo bila riba, na aibu ya kuwaangusha wenzake humfanya aweke akiba hata pale ambapo peke yake angeitumia. Udhaifu wake ni kwamba aliyechukua mwanzoni anaweza kulegea, na kwamba mara nyingi mkupuo huo huliwa na sherehe. Vikundi vinavyofaulu huzuia hayo kwa kanuni chache zilizoandikwa: idadi ndogo ya wanachama wanaojuana nyumbani kwao, daftari linaloonwa na wote, fungu dogo la dharura kwa msiba na ugonjwa, na sharti la kila mmoja kutamka mbele ya wenzake, kabla ya zamu yake, fedha itafanya kazi gani. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa, kwa kuwa mpango uliotamkwa mbele ya mashahidi huwa na walinzi wengi.

Historia ya wanawake wa mji huu nayo inathibitisha kwamba mtu hukua pamoja na wenzake. Wakati mishahara ya Gécamines ilipokoma, wake waliokuwa wamezoeshwa na kampuni kubaki nyumbani na kupokea posho ndio waliokwenda sokoni, waliolima pembezoni mwa mji na waliotafuta karo, na kwa sehemu kubwa walijifunza kazi hizo wakifundishana wao kwa wao. Yapo mengi ya kujifunza kutoka kwa kizazi hicho kuliko katika semina za gharama kubwa, na wengi wa mama hao wangali hai kusimulia, ikiwa watoto wao watakaa chini na kuwauliza waliwezaje.

Hata hivyo, mawaidha ya kujisimamia yana mpaka, na uaminifu unadai mpaka huo utajwe. Kongo leo imo miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa shaba duniani, malori yaliyosheheni hupita njia ya Kasumbalesa mchana na usiku, na bado kijana wa Lubumbashi huweza kuajiriwa kwa mkataba wa miezi michache kupitia kampuni ndogo inayokodisha wafanyakazi kwa kampuni kubwa, bila kujua kama atakuwa na kazi mwezi ujao. Daftari haliwashi umeme, wala kuamka mapema hakulipi mshahara uliozuiliwa. Mafundisho ya maendeleo ya mtu binafsi yakitumiwa kumwambia maskini kwamba umaskini wake ni kosa lake, huwa yamegeuka kuwa tusi kwa watu ambao babu zao walipigwa risasi mwaka 1941 kwa kudai haki ya jasho lao. Lakini ni kweli pia kwamba mtu anayeshika hesabu zake anajua kwa tarakimu ni kiasi gani anadhulumiwa, kwamba mtu mwenye ujuzi wa kweli hana haja ya kukubali mkataba wowote anaoletewa, na kwamba kikundi chenye kanuni na akiba kinaweza kusimama mbele ya mwajiri au mbele ya ofisi ya serikali kwa sauti ambayo mtu mmoja hana. Kujisimamia na kudai haki ni kazi mbili zinazosaidiana.

Kwa hiyo yako mambo yanayoweza kuanzwa juma hili katika kila mtaa wa mji, bila kungoja mfadhili. Mwenye biashara aanze daftari lenye mistari mitano na ajipangie mshahara wake. Mwenye karakana aandike ukutani safu mbili za kazi na ampe kila mwanafunzi orodha ya mambo ya kujifunza. Wazazi wawaonyeshe watoto jinsi fedha ya nyumba inavyogawanywa, badala ya kuwaficha hadi watakapoolewa au kuoa. Wanachama wa likelemba waulizane fedha itafanya kazi gani. Na shule zifundishe hesabu kwa kutumia dola na faranga ambazo watoto huziona sokoni kila siku. Kizazi kilichopita kiliingia katika soko huria kikiwa na mikono hodari, lakini hakikuwa kimezoea kujiamulia, na mji mzima ukalipa gharama ya pengo hilo kwa miaka mingi. Kizazi cha sasa kinalijua pengo hilo na kinajua linazibwa namna gani. Kikikubali kulirithisha tena kwa watoto wake, hakitakuwa na kampuni yoyote ya kuilaumu.